Nukta Kama Kipimo: Uteuzi wa Skana kwa Negativu za Miswada ya Kiswahili ya Hati za Kiarabu

1.0 Utangulizi

Mtaalamu anayehariri utenzi wa kale ulioandikwa kwa hati za Kiarabu aghalabu hana mswada wenyewe mkononi. Alicho nacho ni picha ya mswada, na mara nyingi picha hiyo imetokana na ukanda wa filamu uliopigwa miongo mingi iliyopita. Pale ambapo wenye vyuo walikubali kuvionyesha lakini hawakukubali viondoke nyumbani, kamera ndiyo iliyokuwa njia ya kati. Chuo kilibaki kwa mwenyewe, filamu ikaenda maktabani. Ikiwa baadaye chuo hicho kililiwa na mchwa, kiliungua au kilipotea katika mirathi, basi negativu si nakala tena. Imekuwa ndiyo shahidi wa mwisho wa matini.

Lengo la makala hii ni kuchunguza jinsi ya kuteua chombo cha kuigeuza negativu ya namna hiyo kuwa faili la kompyuta bila kuipotosha matini. Hoja yake kuu ni kwamba kipimo cha uteuzi hakina budi kutoka katika maandishi yenyewe, yaani katika alama ndogo kabisa inayobeba maana, na si katika tarakimu zilizopigwa chapa kwenye sanduku la skana. Katika hati za Kiarabu alama hiyo ni nukta.

Istilahi chache zinahitaji kuelezwa. Neno skana linatumika hapa kwa chombo chochote kinachosoma filamu kwa mwanga na kutoa taswira ya kidijitali, na kuskani kwa tendo lenyewe. Negativu ni filamu ambayo weusi na weupe vimebadilishana nafasi: karatasi huonekana nyeusi na wino huonekana kama uwazi. Upambanuzi ni uwezo wa chombo kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana. Hupimwa kwa idadi ya pikseli katika inchi moja ya filamu.

Jambo moja latangulia yote. Kabla ya negativu kushughulikiwa, iulizwe kwanza kama mswada wenyewe bado upo. Ukiwapo, na wenyewe wakiridhia, ni bora upigwe picha upya moja kwa moja, kama ilivyofanyika kwa miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu chini ya mpango wa nyaraka zilizo hatarini ulioanzishwa na British Library mwaka 2004. Yanayofuata yanahusu pale ambapo mswada haupatikani, au ambapo filamu inaonyesha kurasa zilizokuwa nzima na sasa zimechanika.

2.0 Nukta na hatima ya neno

Mwandiko wa Kiswahili kwa hati za Kiarabu una utata wake hata pale karatasi inapokuwa safi. Katika miswada mingi ya kale herufi be hutumika kwa sauti b na p, na pengine mb. Kasiri husimama kwa i na e, dhumma kwa u na o. Waandishi wengine walijaribu kuupunguza utata huo, na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefanya kazi na W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19, anajulikana kwa alama za ziada alizozitumia kutofautisha sauti za Kiswahili. Lakini hata alama hizo ni nukta na vistari. Kadiri mwandishi alivyojitahidi kuandika kwa usahihi, ndivyo matini yake inavyotegemea zaidi vitu vidogo sana.

Herufi be, te, the, nuni na ye, zikiwa katikati ya neno, zina umbo moja: jino dogo juu ya mstari. Kinachozitenganisha ni idadi ya nukta na mahali zilipo. Yachukuliwe maneno matatu: kutoa, kunoa na kupoa. Umbo tupu la maneno hayo ni moja. Te ina nukta mbili juu, nuni ina moja juu, be ina moja chini. Nukta mbili za te zikiungana katika taswira zikawa doa moja, msomaji husoma kunoa mahali ambapo mtunzi aliandika kutoa. Nukta ya chini ikifichika, msomaji hubaki akikisia.

Hapa ndipo hatari ilipo kwa mhariri wa tenzi. Kwa kawaida yeye hutegemea vina na mizani kugundua makosa ya waandishi. Lakini maneno hayo matatu yana mizani mitatu kila moja, na yote huishia kwa silabi ileile. Kosa lililozaliwa na skana hupita katika mitego yote miwili bila kunaswa, kisha huingia katika toleo lililochapwa, na pengine katika kamusi, likiwa na sura ya usomaji halali. Anayesahihisha baadaye atailaumu kalamu ya mwandishi, au atajenga nadharia juu ya lahaja yake, ilhali mwandishi hakukosea.

3.0 Kutoka karatasi hadi pikseli

Ili kujua upambanuzi unaohitajika, yahitajika kujua vitu viwili: ukubwa wa alama katika karatasi, na kiasi ambacho kamera iliipunguza karatasi hiyo. Fremu ya kawaida ya filamu ya milimita 35 ina milimita 24 kwa 36. Kurasa mbili zilizofunguliwa zenye upana wa sentimita 32, zikipigwa zijaze fremu hiyo, zimepunguzwa karibu mara 9. Ukurasa mmoja wenye urefu wa sentimita 24 ukipigwa peke yake umepunguzwa chini ya mara 7. Mpiga picha makini aliweka rula kando ya ukurasa, na rula hiyo ndiyo hutoa jibu la haraka. Pasipo rula, vipimo vya karatasi vilivyoandikwa katika katalogi vitafaa. Katalogi ya J. W. T. Allen ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyochapwa Leiden mwaka 1970, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayeshughulikia mkusanyo huo.

Ichukuliwe sasa kwamba nukta mbili za te zimeachana kwa milimita 0.2, na ukurasa umepunguzwa mara 10. Katika filamu mwanya kati ya nukta hizo ni mikroni 20. Mwanya huo usipopata walau pikseli 2, nukta zitaungana. Ukipata 3, msomaji atakuwa na yakini.

Kinachofuata ni hesabu tu, lakini ifanywe kwa tarakimu za kweli. Watengenezaji hutangaza idadi ya hatua ambazo kichwa cha skana kinaweza kupiga, si kile ambacho lenzi yake inaweza kukiona. Skana bapa Epson Perfection V600 hutangazwa kwa 6400, lakini majaribio huru yaliyofanywa kwa bamba la USAF 1951 yaliipa takriban 1560, yaani robo. Epson V700, iliyotolewa mwaka 2006, nayo ilitangazwa kwa 6400 na ikapimwa karibu 2300. Plustek OpticFilm 8200i, skana ndogo ya filamu ya milimita 35, ilitangazwa kwa 7200 na ikapata karibu 3250. Nikon Coolscan 5000 ED ilitangazwa kwa 4000 na kupimwa 3900. Ni nadra kwa tangazo na ukweli kukaribiana hivyo.

Kwa V600 pikseli moja ya kweli ina upana wa mikroni 16 hivi, na mwanya wetu wa mikroni 20 hupata pikseli 1.2. Nukta zimeungana. Kwa V700 hupata 1.8: hapo ndipo msomaji huona kitu kirefu kidogo kuliko nukta moja, na kila mmoja hukisoma kwa kadiri anavyotarajia. Plustek hutoa 2.6 na Coolscan 3.1. Tofauti iliyopo kati ya vyombo hivi, kwa hiyo, si ya uzuri wa picha. Ni tofauti kati ya neno na neno.

Hata hivyo haifai kuhitimisha kwamba skana ya bei nafuu haina kazi. Mswada ulioandikwa kwa kalamu nene, mwanya wa nukta ukiwa milimita 0.5, na kila ukurasa ukiwa umepigwa peke yake kwa upunguzo wa mara 7, una mwanya wa mikroni 71 katika filamu. V600 huupa zaidi ya pikseli 4. Idara isiyo na fedha yaweza kuufanya mswada wa namna hiyo kwa chombo ilicho nacho, na kuziweka kando filamu za mwandiko mdogo mpaka chombo bora kipatikane. Kugawanya mkusanyo kwa njia hii kwahitaji siku chache za kupima kwa rula na kioo cha kukuzia; ni siku zilizotumika vizuri.

Yafaa kutaja hapa fomula ya ubora iliyoenezwa na wataalamu wa maktaba wa Chuo Kikuu cha Cornell katika miaka ya 1990, ambayo ilirithiwa kutoka katika viwango vya maikrofilamu. Fomula hiyo hukadiria usomekaji kwa kimo cha herufi ndogo kabisa yenye maana, na mfano wake wa msingi ni e ndogo ya chapa ya Kirumi. Kwa vitabu vilivyopigwa chapa imefaa sana. Kwa hati za Kiarabu yapotosha, kwa kuwa kimo cha herufi chaweza kuwa kikubwa na nukta zake zikawa ndogo mno. Anayetaka kuitumia na apime nukta, si kimo cha herufi.

Aidha, filamu yenyewe itazamwe kwanza kwa hadubini au kioo chenye mistari ya kupimia. Ikiwa nukta zimekwisha kuungana ndani ya filamu, kwa sababu kamera haikulengwa sawasawa au mkono ulitikisika, hakuna skana itakayozitenganisha, na kununua chombo cha gharama kwa ajili ya filamu hiyo ni kupoteza fedha.

4.0 Vumbi, mikwaruzo na nukta za uongo

Katika negativu mambo huenda kinyume, na kinyume hicho kina matokeo ambayo fundi wa picha hayafikirii. Vumbi lililo juu ya filamu huzuia mwanga. Taswira inapogeuzwa, chembe hiyo huwa nyeupe. Ikitua juu ya nukta, ambayo katika negativu ni tundu la mwanga, huifuta. Mkwaruzo au kitobo katika utando wa fedha hufanya kinyume chake: hupitisha mwanga, na katika taswira iliyogeuzwa huwa doa jeusi juu ya karatasi, lenye ukubwa na umbo la nukta. Kwa maneno mengine, vumbi huiba nukta na kitobo huzizua. Te yaweza kuwa the, na re yaweza kuwa zai.

Watengenezaji wana jibu kwa tatizo hili, na jibu hilo huuzwa kwa bei. Skana nyingi za filamu zina mfumo wa kutambua vumbi kwa mionzi ya infraredi. Unaojulikana zaidi ni Digital ICE, uliobuniwa na kampuni ya Applied Science Fiction ya Marekani. Mionzi hiyo hupita katika rangi za filamu ya rangi lakini huzuiwa na vumbi, hivyo chombo hujua kipi ni picha na kipi ni uchafu. Lakini filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe haina rangi. Picha yake ni chembe za fedha, nazo fedha huzuia infraredi kama vumbi linavyozuia. Mfumo huona ukurasa mzima kuwa ni uchafu. Maikrofilamu na negativu za miswada, isipokuwa chache sana, ni za fedha. Kwa hiyo idara inayoongeza fedha ili kupata uwezo huu kwa ajili ya miswada inanunua kitu ambacho haitakitumia.

Hatari kubwa zaidi imo katika programu zinazosafisha vumbi kwa kukisia, bila infraredi. Programu ya namna hiyo hutafuta doa dogo lililo peke yake juu ya uwanja mtupu, halafu hulijaza kwa rangi ya jirani zake. Nukta ni doa dogo lililo peke yake juu ya uwanja mtupu. Programu haijui kusoma, na yale inayoyafuta hayaachi kovu. Uwezo huu uzimwe kabisa kabla ya kazi kuanza, na uzimaji huo uandikwe katika kumbukumbu za kila faili, ili mtafiti wa baadaye ajue kwamba taswira haikuguswa. Hali kadhalika vichungi vya kulainisha chembe na vya kunoa kingo.

Njia iliyobaki ni ya mikono: brashi laini, puto la kupulizia hewa, na subira. Mahali penye shaka filamu iskaniwe mara mbili, ikisafishwa na kusogezwa kidogo katikati ya mara hizo. Vumbi huhama, nukta haihami. Mkwaruzo nao haihami, lakini una desturi ya kuendelea. Filamu iliyokwaruzwa na mashine ya kusomea huwa na mistari inayofuata urefu wa ukanda, na jicho likitazama fremu iliyotangulia na inayofuata huona doa likijipanga katika njia moja. Vitobo vya pekepeke ndivyo vigumu, na hapo mhariri hana msaada ila nakala nyingine ya utenzi uleule.

Namna ya mwanga pia yahusika. Skana zenye mwanga mkali unaokwenda moja kwa moja, kama taa za LED za Coolscan, huudhihirisha kila mkwaruzo wa filamu ya fedha, kwa kuwa mwanga unaotawanywa haufiki katika lenzi. Mwanga uliosambazwa, kama wa skana bapa au wa kisanduku chenye kioo cheupe, huilainisha mikwaruzo mingi ya juu juu. Hivyo chombo chenye upambanuzi bora si lazima kiwe bora kwa filamu iliyochakaa. Hili ni jambo ambalo jedwali la tarakimu halilionyeshi.

5.0 Chombo na umbo la filamu

Filamu iliyokatwa vipande vya fremu 6 huingia katika skana yoyote ya milimita 35. Maikrofilamu ni jambo lingine. Ukanda wake wa kawaida una urefu wa mita 30 hivi na haukukatwa, wala haifai kukatwa kwa sababu yoyote ile, kwani mfuatano wa fremu ndio ushahidi wa mfuatano wa kurasa. Coolscan 5000 ilikuwa na kifaa cha ziada cha kupokea ukanda wa hadi fremu 40, si zaidi. Mashine maalumu za maikrofilamu hupitisha ukanda mzima, lakini bei yake huifanya iwe kazi ya maktaba kuu badala ya idara. Skana ya ngoma haifai kabisa kwa shahidi pekee: filamu hukatwa, huloweshwa kwa kimiminiko na kuzungushwa kwa kasi.

Tatizo jingine la skana bora za filamu ni umri wake. Konica Minolta ilijitoa katika biashara ya picha mwaka 2006, na Nikon ilikoma kutengeneza Coolscan kabla ya 2012. Zilizopo huuzwa mkono wa pili, na programu asilia haziendani na kompyuta mpya. Zinazoziokoa ni programu za watu wengine, hasa VueScan. Idara isiyo na fundi wa karibu ifikirie mara mbili kabla ya kuagiza chombo ambacho vipuri vyake vinatoka katika vyombo vingine vilivyokufa.

Kwa sababu hizi, kamera ya kidijitali yenye lenzi ya makro, iliyosimamishwa wima juu ya kisanduku cha mwanga, inastahili kuzingatiwa zaidi ya inavyozingatiwa. Kamera yenye kihisio cha milimita 24 kwa 36 na pikseli 6000 kwa 4000, ikipiga fremu kwa ukubwa wake halisi, hutoa pikseli 4233 kwa inchi. Tarakimu hii nayo ni ya nadharia, na lenzi dhaifu itaipunguza. Lakini kwa lenzi nzuri, iliyofungwa hatua mbili au tatu, mwanya wa mikroni 20 hupata karibu pikseli 3. Ukanda wa maikrofilamu hupita juu ya kisanduku bila kukatwa. Mwanga ni uliosambazwa. Kila fremu huchukua sekunde, ilhali skana inayotumia dakika 2 kwa fremu itahitaji saa 20 kwa fremu 600. Tena kamera hutengenezeka Dar es Salaam na Nairobi, na siku isiyo na negativu hufanya kazi nyingine.

Upungufu wake ni kwamba kila kitu humwelemea mwendeshaji. Kamera isipokuwa sambamba na filamu, upande mmoja wa ukurasa utakuwa mkali na mwingine utafifia. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuweka kioo kidogo mahali pa filamu na kusogeza kamera mpaka lenzi ijione yenyewe katikati. Filamu iliyojikunja hubanwa kwa kioo kilichokwaruzwa kidogo ili kisitoe pete za rangi, na mwanga wa chumba huzimwa.

Tarakimu ya uzito wa weusi, ambayo matangazo huipandisha hadi 4 na zaidi, isimsumbue mteuzi. Weusi wa uwanja wa maikrofilamu iliyopigwa ipasavyo huwa karibu na 1, yaani hupitisha sehemu moja ya kumi ya mwanga, na karibu kila skana hulimudu hilo. Faili litunzwe kwa TIFF isiyobanwa, kwa vivuli vya kijivu. Kuhifadhi kwa nyeusi na nyeupe tupu ni kuiachia mashine iamue kipi ni wino na kipi si wino.

6.0 Filamu inayokufa

Filamu za asetati, ambazo ndizo nyingi katika mikusanyo ya katikati ya karne ya 20, huoza kwa kutoa asidi, na harufu yake ni ya siki. Taasisi ya Image Permanence ya Rochester ilikadiria kwamba asetati mpya katika nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50 huchukua takriban miaka 40 kabla ya uozo kushika kasi. Hewa ya pwani ya Afrika ya Mashariki ni ya joto na unyevu zaidi ya hiyo karibu mwaka mzima, kwa hiyo muda uliobaki ni mfupi zaidi, na kwa filamu nyingi umekwisha kupita. Vijikaratasi vya kupimia asidi hugeuka kutoka buluu kuwa kijani na hatimaye manjano. Makopo yaliyoonyesha manjano ndiyo ya kwanza kushughulikiwa, bila kujali umaarufu wa tenzi zilizomo. Filamu iliyotunga siki hutengwa, kwani mvuke wake huwaambukiza jirani.

Filamu iliyokwisha kupungua na kujikunja isipitishwe katika mashine yoyote inayoivuta kwa mota, hata iwe na upambanuzi wa namna gani, kwa kuwa utando wa fedha hubanduka. Hapo kamera ndiyo pekee inayobaki, na fremu hupigwa moja moja huku filamu ikilazwa kwa vidole vyenye glavu.

Anayekaa mbele ya kamera awe ni mtu asomaye hati hizo. Fundi asiyezisoma anaweza kupindua filamu upande wa pili na kuskani ukurasa mzima kama uonekanavyo katika kioo, asitambue. Asomaye hutambua katika fremu ya kwanza, na ndiye pia atakayesimama kwenye neno lenye shaka, apulize vumbi, na kuipiga fremu ile mara ya pili wakati filamu bado ipo.